Shosho, Nyumba Imekubaliwa

Shosho,

Nimechoka, lakini leo ni uchovu mzuri, na wewe, bibi yetu sote, ndiye wa kwanza ninayetaka ajue. Nyumba imekubaliwa. Nimeandikishwa kulea watoto hapa hapa Kutus, mlango wa pili kutoka kwako.

Tulipokuzika nilidhani akina mama wanaopalilia mpunga Mwea, waliokuwa wakikuachia watoto, watatafuta kwingine. Wapi! Walikuja alfajiri na gambuti miguuni, watoto mgongoni, wakasimama mbele ya mlango wako uliofungwa. Sijui walikuwa wamesahau au walikataa kukumbuka. Nikafungua wangu. "Leteni," nikasema, ati leo tu.

Wakati wako hakuna aliyeuliza kitu. Halafu chifu akatuambia wazi: anayelea watoto wa watu nyumbani aandikishwe, la sivyo afunge. Ningefunga, Shosho, hao watoto wangeenda wapi? Wangerudi kushinda kando ya mifereji ya maji, vile Njeri wangu angeshinda kama si wewe. Nakumbuka ulimtoa mikononi mwangu ukaniambia, "Nenda kazi. Huyu ni wetu." Wala sikuwa nimekuomba. Sikuwahi kukushukuru vizuri kwa hilo.

Basi nikazunguka. Kerugoya, ofisi ya watoto, wakanieleza kinachotakiwa. Nikapimwa afya. Nikachukuliwa alama za vidole kwa polisi, ijulikane sina kesi. Nikasoma huduma ya kwanza katika ukumbi wa kanisa, nikimpulizia pumzi mtoto wa plastiki huku wenzangu wakinicheka, "Mama Njeri, usimmeze!" Jiko nikalitoa nje, na fundi akanitengenezea geti dogo la mbao. Ikabaki kukaguliwa.

Sasa sikia nilichofanya. Siku hiyo nilipiga deki, nikatandika vitambaa kwa viti, nikachinja jogoo. Watoto wote niliwarudisha kwao, wasije wakamsumbua mgeni. Mama zao hata hawakwenda shamba. Afisa akaingia, akatazama huku na huku.

"Mama, asante kwa chakula. Lakini watoto wako wapi?"

"Nimewarudisha kwao, madam, ndio ukae vizuri."

Alicheka mpaka akashika mlango. "Sikuja kukagua kuku, mama." Akaenda bila kuandika kitu, na mimi nikalia jikoni. Nilijua nimeua kazi yako kwa heshima zangu.

Alirudi bila kusema anakuja. Alinikuta na mmoja mgongoni, mwingine nampa uji, Njeri anapiga kelele ati amenyang'anywa kiatu. Sikusimama kumsalimu. Yule wa uji alikuwa ameanza kukohoa, na wewe ulinifundisha, "Mtoto akila, macho kwake. Mgeni atangoja." Nikasema, "Ngoja kidogo, madam," huku nikiona aibu. Akavuta kigoda akakaa. Alingoja, Shosho! Mtoto alipomaliza ndipo akaangalia geti, choo, maji ya kunywa, mahali wanapolala. Akaandika.

Lakini alinikazia jambo moja. Chumba ni hiki na macho yangu ni mawili. Nisiongeze mtoto juu ya hawa walioko.

Na kesho yake, kana kwamba amesikia, akaja msichana mmoja kutoka Kagio na pacha wachanga. Wewe hukuwahi kumkataa mtoto. Ulikuwa ukisema, "Ongeza maji kwa uji." Nilimtazama yule msichana na nikajiona mimi mwenyewe, mlangoni kwako, na Njeri. Nikamwambia siwezi.

Alilia. Nami nikalia, lakini sikubadilisha. Nilisubiri Jumamosi nisipokuwa na watoto, tukaenda pamoja kwa Mama Brayo, ambaye amekuwa akitaka kuanza kulea watoto ila anaogopa maofisi, awapokee wale pacha. Nikamwambia, twende, njia naijua. Jumatatu mama yangu alinishikia watoto, nikampeleka Mama Brayo Kerugoya mwenyewe, aandikishwe.

Usinikasirikie. Nyumba ninayo kwa sababu ulinifungulia yako, na kila kitu kizuri afisa alichoona humu ni chako. Nakuahidi hivi: nitakayempokea, nitamwona. Nisiyeweza kumwona sitamjaza ndani, ila sitamwacha mama yake barabarani pia, nitamtafutia mlango.

Asante, Shosho. Pumzika. Umebeba wa kutosha.

Ni mimi,
Mama Njeri