Rangi ya mlango kwenye kikombe changu

Shoga, nimejifungia chooni nakuandikia.

Kile kikombe changu cha udongo, nilichokifinyanga darasa la jioni tukakichoma kwa kuni, ambacho mwalimu anakipeleka maonyesho kesho? Mamamkwe amekipaka rangi.

Rangi ya mlango. Nyeupe.

Ile michirizi ya majivu ya tanuri ndiyo mwalimu aliyoipenda. Mama kaona masizi. "Nimesugua weee, hayatoki. Nikasema nikusitiri mwanangu, watu wasije wakakucheka."

Kunisitiri. Ananiambia eti kanisitiri, shoga, kambeba mtoto wangu na mikono myeupe pee, anatabasamu.

Ningemfokea vipi? Nimemwambia asante.

Sasa anagonga mlango hapa: "Mwanangu, vile vingine umeviweka wapi? Rangi imebaki."