Punda Aliyesubiri Nisalimie

Shangazi yangu mpendwa,

Unaikumbuka siku baba aliponileta kwako Simbo? Tulikuwa tumetoka Rusimbi, naye amechoshwa na maneno ya mwalimu. Nilikuwa na miaka tisa, na jina langu lilipoitwa darasani niliinua mkono tu. Mgeni akija nyumbani nilijificha. Watu walishaanza kuniita bubu, na kaka yako aliogopa jina hilo lingenikaa maisha yote. Alikueleza hayo mbele yangu, kana kwamba nilikuwa kiziwi pia. Wewe ulimjibu kwamba chai inapoa.

Nilimpenda punda wako kabla sijakupenda wewe, unisamehe. Mumeo alikuwa amemleta kutoka Shinyanga, na kwa kuwa mizigo ya Simbo yote ilikwenda kwa baiskeli au kichwani, watoto, ambao hawakuwahi kuona punda, walimwita Farasi. Nami nikaamini ni farasi. Kila jioni nilimpelekea maganda ya ndizi, nikaegemeza uso shingoni mwake na kumsimulia habari za mwalimu na za wenzangu walionicheka. Nilizungumza kwa sauti kabisa. Siku moja niligeuka nikakuona mlangoni mwa banda na ndoo ya maji. Uliiweka chini ukaondoka, na hukuwahi kuniuliza kitu.

Halafu mwiba wa mchikichi ukakuchoma unyayo, mguu ukavimba. Mikungu ilikuwa imeshakatwa, na chikichi zikikaa mafuta yake yanaharibika. Lazima zifike Ujiji kwenye mashine ya kukamua mawese, na mumeo alikuwa safarini. Ulimfunga Farasi magunia mawili, ukanipa kamba. Nililia. Hukunibembeleza.

"Akisimama njiani usimpige," uliniambia. "Tazama nani yuko mbele yenu, umsalimie."

Sikukuelewa hadi tulipokutana na mama mmoja mwenye kikapu cha mihogo. Farasi akasimama. Nikavuta kamba, nikamsukuma kwa bega, wapi! Miaka yote ulikuwa ukimsimamisha kwa kila mtu, ukaweka kamba chini, ukainama na kupiga makofi kama sisi Waha tunavyosalimiana, ukauliza habari za nyumba, za watoto na za shamba, ndipo mkaondoka. Punda alizoea hivyo. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, magunia yalikuwa nyongeza.

Yule mama alisimama akiningoja. Nilitamani ardhi inimeze. Mwishowe niliweka kamba chini, nikainama, nikapiga makofi na kusema "Mwakeye" kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Akaitikia, akauliza mimi ni wa nani. Nikasema ni wa kwako. Akauliza hali ya mguu wako, nikasema umevimba. Farasi akatikisa masikio, akaanza kwenda.

Baada yake alikuja mwenye baiskeli ya mkaa, kisha wasichana watatu na madumu ya maji, kisha mzee wa kanisa ambaye habari zake hazikuisha. Farasi hakumruka hata mmoja. Tulifika Ujiji jua limeshapanda, ziwa linametameta kule chini, sauti imenikauka. Mwenye mashine nilimwamkia shikamoo kabla punda hajasimama. Jioni ile nilikusimulia safari yote mpaka ukasinzia.

Mwaka uliofuata mwalimu alituonyesha picha ya farasi kitabuni. Nilisimama bila kuitwa nikamwambia picha imekosewa, masikio ni mafupi mno. Darasa zima lilicheka, nami nikacheka nao. Ulipoambiwa ulicheka hadi ukashika ubavu, kisha ukasema kitabu hicho kimekosea kweli.

Siku hizi ninaandikisha wagonjwa kwenye kituo cha afya, ninaishi Bangwe. Hakuna ninayemuuliza jina kabla sijamuuliza ameamkaje na nyumbani wanaendeleaje. Wenzangu wanalalamika kwamba foleni yangu haisogei. Nami nilidhani ule woga nimeshauzika.

Lakini juma lililopita, tulipokuzika wewe, mchungaji aliniita niseme neno kwa niaba ya watoto uliowalea. Watu wote wa ile barabara ya Ujiji walikuwepo. Nilisimama, koo likafunga. Nikatikisa kichwa nikaketi. Mwanao alisema badala yangu kwamba ulikuwa mcha Mungu na mchapakazi, nao wakaitikia. Ni kweli, ulikuwa hivyo. Ila hakuna aliyesikia ulichonifanyia mimi, na ni mimi peke yangu niliyekijua. Nimeona aibu, shangazi, na aibu hiyo imezidi uchungu wa msiba wenyewe.

Jumapili tunaanua matanga. Nimemwomba mwanao nafasi ya kusema, akaniuliza kwa upole kama nitaweza. Nikamwambia sijui. Nitaisoma barua hii mbele yao wote, na koo likifunga nitanyamaza mpaka liachie, kisha niendelee pale nilipoishia. Wao si watu wa haraka. Safari hii sitaketi mpaka wajue ni nani aliyenipa sauti.

Pumzika, mama yangu wa pili.

Mimi, mtoto wa kaka yako