Zuhura wa Njia ya Kabambare

Mujukuu wangu Mwajuma,

Salamu toka Kasongo. Tuko wazima, mama yako iko shambani. Unaniuliza jina la mutoto utakayemzaa: la zamani, lakini si la kila nyumba.

Wakati wa Wabeleji, uchungu wa kumzaa mama yako ulinishika njiani nikitoka Kabambare. Mama mmoja nisiyemjua akaniingiza kwake, akanizalisha. Aliitwa Zuhura. Akaniambia, "Niko na jina tu, mutoto wa kulirithi hakuna."

Babu yako alitaka jina la Fatuma. Nilipomsimulia, akasema, "Basi, Zuhura."

Miaka ikapita. Siku moja yule mama akaja kututembelea. Alisimama mlangoni, akaita jina lake mwenyewe. Mama yako akaitika, akamkimbilia.

Wewe unampenda nani, Mwajuma? Anzia hapo.

Nyanya yako