Mafuta ya Mama Hayaendi Huko

Nyuma ya soko,
Sánchez, Samaná.
9 Machi

Mpendwa dada Danilsa,

Pokea salamu za nyumbani. Mgongo unaendeleaje na baridi ya huko? Shemeji Bienvenido ameacha kukohoa? Sisi hatujambo. Goti la Mama linamsumbua mvua ikikaribia, lakini kwenye mbuzi ya nazi bado hakuna anayemshinda.

Ujumbe wako wa sauti nimeupata na nimeusikiliza mpaka mwisho, hata pale uliponiita mpumbavu. Unasema habari zimefika New York kwamba mdogo wako anakaa dukani kwa Tavito na ndizi mbichi, akizivisha kondomu mbele za watu. Waliokuambia wametia chumvi. Ndizi ni moja tu, na jioni tunaila.

Unasema niache, namwaibisha Mama. Siachi, dada. Nakueleza sababu, halafu ukitaka kununa, nuna ukijua.

Unamkumbuka Wilkin, fundi wa pikipiki, aliyekuwa akija kwetu kula samaki wa nazi. Naye anapenda wanaume wenzake kama mimi, jambo unalolijua tangu zamani ingawa hulitaji. Wilkin si mzembe. Kila mara alivaa kondomu, na kila mara ikampasukia, akadhani anauziwa mbovu. Asubuhi moja alikuja kwangu uso umemshuka, maana kondomu ya usiku ule nayo ilikuwa imepasuka. Nikamuuliza analainishia nini.

"Si mafuta ya mama yako, bwana! Kwani kuna mengine pwani hii?"

Mafuta ya nazi yanaila kondomu ya mpira upesi kuliko unavyodhani, na vaselini na losheni ni hivyohivyo. Kinachofaa ni kilainishi cha maji, tena usikibanie. Lakini kwetu mafuta ya Mama ni ya nywele, ya ngozi, ya wali na ya kifua cha mtoto mwenye mafua. Nani aliwahi kuwaambia kwamba huko hayaendi?

Nilimpeleka Wilkin kliniki palepale, maana siku tatu zikipita umechelewa, akapewa vidonge vya kuzuia virusi vya UKIMWI. Amevimaliza na vipimo vyote vimetoka safi. Nililia pale kwenye benchi, na sioni haya kukuambia.

Ndipo nikashika ndizi. Nawaambia wanaume wa dukani wasome kwanza tarehe ya mwisho ya kondomu, na wasiikalie mfukoni juu ya pikipiki juani. Fungua kwa vidole, meno yaachie nyama. Vaa kabla hamjagusana, si katikati ya safari. Bana ncha hewa itoke, teremsha mpaka shinani. Vaa moja tu, kwa sababu mbili zinasuguana na kupasuka. Ukimaliza, toka ukiwa umeishika shinani, kabla mambo hayajalegea, kisha itupe. Ukirudia, vaa mpya. Wacheza domino wananizomea.

"Eligio, ndizi yako imevaa vizuri kuliko wewe!"

"Ndiyo, na ina akili kuliko nyinyi!"

Wanacheka, halafu wanasogeza viti karibu.

Lakini maneno hayakuishia dukani. Watu walianza kusema namtilia Mama mchanga kwenye kitumbua, natangaza kwamba mafuta yake yana sumu. Hapo niliogopa kweli, maana mafuta yale ndiyo yaliyotulea. Nikaenda kumweleza mwenyewe, kila kitu, bila kuzunguka. Aliendelea kukuna nazi bila kuniangalia.

Jumamosi mwanamume mmoja mwenye kofia alikuja mezani kwake sokoni, akaomba chupa kubwa. Mama akaishika asimpe.

"Ya kichwa au ya sufuria, mwanangu?"

"Ya... ya matumizi tu, mama."

"Matumizi tu!" Soko zima liligeuka. "Mafuta haya nimepika mimi kwa mikono yangu, na hayatamuua mtoto wa mtu. Ya huko ni haya!"

Akaingiza mkono chini ya meza, akatoa pakiti za kilainishi cha maji. Zilikuwa zilezile nilizopewa kliniki, ambazo nilikuwa nimezitafuta nyumba nzima. Yule bwana alichukua vyote viwili na kuondoka mbio. Siku hizi hakuna chupa inayoondoka pale bila swali hilo, na wateja hawajapungua.

Basi dada, ukitaka tunyamaze, anza na yeye. Namba yake unayo.

Nisalimie shemeji, na wapwa zangu, Yanelis na Ramoncito wetu ambaye nasikia sasa ni mwanamume mzima mwenye kazi yake. Bikira Maria wa Altagracia awafunike kwa shela lake huko kwenye theluji.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinuna,

Eligio

Mama anasema Ramoncito akija likizo, apitie sokoni kwanza kabla ya nyumbani. Pakiti zake ameshamwekea.