Njeru na Ufunguo Nje ya Mlango

Wanja mjukuu wangu, huku Kianjokoma tu wazima, na mguu wa nyanyako umepona. Umeniuliza kwa nini programu ya kompyuta iliyowazuia wenzake wote wasifanye kazi haifai kulala ikingoja kufuli iliyoshikwa na mmoja wao. Nimewaza sana, nikamkumbuka Njeru, mwenzangu wa kazi zamani.

Kwenye kiwanda cha kahawa, mashine ya kumenya ikizunguka, nilikuwa nikifunga mlango kwa ndani asiingie mtu. Siku moja maji yalikatika. Ufunguo wa kufungulia bomba alikuwa nao Njeru, basi nikaketi kumngoja huku mashine ikisaga bila maji. Kumbe Njeru alikuwa nje na ufunguo mkononi, akibisha. Kwa kelele ile sikumsikia.

Tangu siku hiyo nilichukua ufunguo wa bomba kwanza, ndipo nikafunga mlango. Sasa niambie, programu ikijifungia hivyo, na mwenye kufuli naye amezuiwa, nani atakuja hata kubisha mlango?

Ni mimi babu yako, Guka.