Matanga ya Mama Huku Buganguzi

Buganguzi, Muleba

Kaka Gaudensi,

Nakusalimu kwa heshima, wewe, shemeji na watoto. Kama mnaamka salama, namshukuru Mungu. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haujatulia.

Barua yako ya kunijulisha kwamba mama amefariki ilinifikia mkiwa mmeshamzika na matanga mmeshaanua. Hata telegramu hukupiga. Umeandika kwamba Mbinga ni mbali, nisingewahi. Nani alikutuma unipimie safari?

Nilimweleza mwalimu mkuu. Akasema pole, kisha akauliza, "Maiti iko wapi?" Nikamjibu imeshazikwa kwetu. Akaniomba nimalizie somo. Huku mtu akifiwa, majirani huacha kazi zao, huleta ndizi na kuni, hulala msibani. Kwangu hawakuja. Mimi ni mgeni, Kihaya changu ni cha salamu tu, na kaburi hakuna. Nilijifungia ndani, hata moto sikuwasha.

Aliyebisha hodi ni Ma Yustina, mjane ambaye kibanja chake cha migomba kinapakana na nyumba ya shule ninayokaa. Alikuja na mzigo wa nyasi, akazitandaza sakafuni kama wafanyavyo kwenye misiba yao, akaketi.

"Mama yako aliitwa nani?"

"Bibiana."

"Bojo, tafadhali mwanangu, nieleze alivyokuwa."

Nikaeleza mpaka sauti ikakauka. Nilimwambia hata alivyodhoofu baada ya kuhamishiwa kijiji kipya, mbali na wanawake aliozoea kulima nao.

Kesho yake Ma Yustina aliwaendea majirani. "Watoto wenu mnampa awafundishe," akawaambia, "na msiba mnamwachia peke yake?" Walikuja jioni, wengine kwa aibu, na ndizi na maharage. Tulikula pamoja, wakalala kwangu. Ndipo na mimi nikapata usingizi.

Siku hizi Jumamosi nalima nao, wananifundisha Kihaya huku wakinicheka. Nimepata watu. Lakini kaka, watu wasiomjua mama ndio walionisaidia kumlilia, na wewe tuliyenyonya nawe ziwa moja ulinificha.

Likizo nitakuja. Nitafikia kwa shangazi, si kwako. Utanionyesha kaburi, kisha tutakaa mbele ya wazee unieleze.

Nisalimie shangazi Maria aliyemwosha mama, na mjomba aliyechimba kaburi. Waambie nawashukuru. Wewe bado sijui nikuambie nini.

Mdogo wako,
Skolastika