Kura Niliyoirudisha

Alhamisi, jioni. Tabora imeshinda na joto kavu na vumbi, mvua bado ziko mbali, na mimi leo sitaki hata kujitazama kwenye kioo.

Nafundisha Uraia kidato cha pili. Muhula huu tumetakiwa tuwapime wanafunzi kwa vitendo: wanavyosikilizana, wanavyoshirikiana, wanavyofikia uamuzi pamoja. Nikaona njia nzuri ni wamchague monita wao wenyewe. Kura ya siri, karatasi ndani ya ndoo. Mimi nitazame tu, kisha nitoe alama.

Akashinda Kalunde.

Kalunde ni binti wa wakulima wa tumbaku kutoka Usoke. Ana akili, ila anauliza. Juzi aliniuliza mbele ya wenzake kwa nini wao wakichelewa wanadeki darasa, na mimi nikichelewa hakuna kinachotokea. Aliuliza kwa adabu, ndiyo maana iliniuma. Mimi nilimtaka Zuhura, mpole, asiyenisumbua.

Nikasema kura zina kasoro, turudie, na safari hii kwa kunyoosha mikono.

Hazikuwa na kasoro yoyote.

Nikataja jina la Kalunde. Hakuna mkono. Nikataja la Zuhura, mikono yote ikapanda, na wa Kalunde ukiwemo. Hakuna aliyenuna, hakuna aliyeguna. Walinitazama kama watu wanaosubiri kuambiwa kama jibu ni sahihi. Nami, Mungu anisamehe, nikasema vizuri sana, nikawapa alama za juu za ushirikiano.

Saa ya kutoka, Zuhura alinifuata ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Naomba nisiwe monita."

"Si wenzako wamekuchagua?"

Akainamisha kichwa. "Ile ya kwanza, hata mimi nilimpigia Kalunde."

Nilimwambia aende nyumbani, tutaongea, nikajifanya natafuta kalamu kwenye droo mpaka aliposhika njia.

Kila mwaka nasimama pale mbele nikieleza maana ya uchaguzi huru, na nusu ya darasa husinzia. Leo, kwa dakika chache, nimewafundisha kumsoma mkubwa usoni. Hakuna aliyesinzia. Hakuna mada waliyowahi kuielewa haraka hivyo.

Na Kalunde hakuuliza kitu. Hilo ndilo linalonitesa zaidi.

Kesho kipindi cha kwanza ni changu. Nitasema kura ya kwanza ndiyo halali, Kalunde ndiye monita, na kwamba niliwadanganya. Nitalitamka neno hilo hilo, bila kulipamba. Zile alama nitazifuta.

Naogopa kitu kimoja. Nikimaliza, watapiga makofi, na sitajua kama wamefurahi au wameona tu kwamba ndicho ninachotaka.